Anayemlea Mlezi ni Nani?

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Machakos. Leo ningependa tuketi pamoja na wewe mama, na wewe susu unayelea wajukuu, na wewe shangazi uliyeachiwa watoto wa ndugu yako. Tutazungumza juu ya huduma za watoto, za wazee na za afya ya akili. Tafadhali usizime redio ukisema hayo ni mambo ya wakubwa wa serikali. Ni mambo ya jikoni mwako.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na susu mmoja, umri wake umepita miaka 70, akilea wajukuu watatu baada ya mama yao kufariki. Yule mdogo alikuwa anapungua uzito. Nilimtembelea, nikampima mtoto, nikazungusha ule utepe mkononi mwake, nikaandika kitabuni. Kisha nikamshauri susu: ampe maziwa, mayai, maharagwe na mboga. Mwezi uliofuata uzito umeshuka tena. Nikarudia mashauri yale yale, na nadhani safari hiyo nilikuwa mkali kidogo.

Mwezi wa tatu nilikwenda na mama mmoja mhudumu wa afya ya jamii, jirani wa kijiji kile. Yeye hakumtazama mtoto kwanza. Aliketi, akauliza, "Susu, wewe unalala?"

Susu alinyamaza, kisha akalia. Tangu mazishi ya binti yake hakuwa amelala usiku mzima. Akipika muthokoi huwagawia watoto, yeye asionje. Siku nyingine hakuweza kuamka kitandani kabisa, na siku hizo msichana mkubwa hakwenda shule, alibaki kuwatunza wadogo. Ukutani kulikuwa na kiondo alichoanza kukisuka kabla ya msiba. Kilikuwa kimeishia nusu. Mimi nilikiona mara mbili, nisiulize.

Msikilizaji, nilikuwa namtibu mtoto, kumbe mgonjwa ni yule aliyeshika kijiko. Ofisini tunagawa mambo: huku watoto, kule wazee, pale wagonjwa wa akili. Lakini nyumbani paa ni moja. Mlezi akianguka, wote walio chini yake wanaanguka naye.

Basi utajuaje kwamba mlezi ameelemewa? Tazama mambo haya, hasa yakiendelea kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi umekatika, au amelala kupita kiasi. Chakula hakimwingii. Kazi aliyoipenda haimvutii tena. Anachoka bila kufanya kazi. Anajilaumu kwa kila jambo, au anakasirikia watoto kwa jambo dogo. Anasema maneno kama "ni heri nisingekuwepo." Mzee naye huenda asiseme ana huzuni; atakuambia kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unapiga mbio.

Huo si uvivu, wala si kurogwa, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, tunauita unyogovu, na unatibika. Matibabu huwa ni mazungumzo na mshauri, na wakati mwingine dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, kwa hivyo usiziache baada ya siku tatu ukisema hazifanyi kazi. Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Sema wazi: "Nimekuja kwa sababu ya mawazo yangu." Ikihitajika, wataandika barua uende hospitali kubwa.

Na hapa nikueleze jambo moja ambalo watu huogopa. Wengi walificha mawazo ya kujiua kwa sababu ya kuogopa polisi. Mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu, si pingu. Akikuambia, usimkaripie. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shambani na kamba mahali alipo, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa akili amefungwa kamba au amefungiwa chumbani, najua mara nyingi mmefanya hivyo kwa woga na kwa kuchoka, si kwa ubaya. Lakini kamba haitibu. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na inampa mgonjwa haki ya kutibiwa kwa heshima. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii. Ni kazi yake kukusaidia bila kukuaibisha.

Sasa tuje kwa riziki, maana ushauri hauliwi. Serikali ina mpango wa Inua Jamii. Sehemu ya watoto mayatima ilianza kwa majaribio mwaka 2004. Wako pia wazee na watu wenye ulemavu mkubwa. Tangu 2018 sehemu ya wazee inawalenga waliotimiza miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingine huja kwa mkupuo baada ya miezi kadhaa. Kuandikishwa hufanywa kwa vipindi, kwa hivyo usikose baraza la chifu, na umuulize naibu wa chifu tarehe zake. Kitambulisho kiwe karibu. Ukilea mayatima, weka vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha kifo cha mzazi. Kuandikishwa ni bure. Anayekuomba "kitu kidogo" anakuibia.

Mzee asiyeweza kwenda mwenyewe huchagua mtu wa kumpokelea. Ukichaguliwa wewe, kumbuka pesa ni zake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa.

Mtoto naye ana haki ya chakula, matibabu na elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ukiona mtoto amegeuzwa mlezi wa nyumba, nenda ofisi ya watoto, au piga simu 116. Simu hiyo hailipiwi, mchana na usiku.

Mtauliza, yule susu aliishia wapi? Alianza kuonana na mshauri, akapewa dawa. Majirani wawili walikubaliana kumchotea maji kwa zamu. Msichana akarudi darasani. Pesa zilichelewa sana, na miezi mingi tulirudi kuuliza bila jibu. Lakini uzito wa mtoto ulianza kupanda kabla hata ya shilingi moja kufika, kwa sababu susu alianza kulala na kuamka kupika.

Wiki hii nina ombi moja tu. Mtembelee mlezi mmoja jirani yako. Usimuulize watoto wanaendeleaje. Muulize, "Wewe je, unalala?" Kisha nyamaza, umsikilize. Na kama mlezi huyo ni wewe unayenisikiliza, njoo zahanati. Huhitaji kuleta mtoto ndipo tukupokee.

Hadi tutakapokutana tena, mimi muuguzi wenu nawatakia afya njema. Kwaherini.