Msimulizi Anayejulikana na Asiyejulikana
(Mazungumzo na wanafunzi wa madrasa, Tunduma)

 

Ndugu zangu, mzee mmoja dereva wa lori, ambaye kila apitapo hapa kuelekea Nakonde huswali nasi, aliniuliza mwaka 2025: "Ustadhi, Sauti ya Amerika imekwenda wapi?" Miaka na miaka redio ndiyo iliyomliwaza katika foleni ya mpakani. Nilimweleza kwamba tarehe 14 Machi 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kuipunguza taasisi inayoiendesha idhaa hiyo, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakaamriwa wakae nyumbani. Idhaa iliyoanza mwaka 1942, ikawa inasema na walimwengu kwa lugha zipatazo 49, Kiswahili kikiwamo tangu 1962, ikanyamazishwa kwa siku moja.

Mzee alisikitika. Kijana aliyekaa kando yake akasema, "Afadhali, ilikuwa propaganda tupu." Kijana huyo ana hoja, lakini ameishika nusu.

Ni kweli kwamba redio hizi hazikuanzishwa kwa sadaka. Waingereza walifungua idhaa ya Kiarabu ya BBC tarehe 3 Januari 1938, ikiwa ndiyo lugha yao ya kwanza ya kigeni, kwa sababu Waitaliano walikuwa wamewatangulia kuwahutubia Waarabu kutoka Bari tangu 1934. Kiswahili nacho kilianza London tarehe 27 Juni 1957, baada ya Cairo kuanza kuwatangazia watu wa Afrika Mashariki kwa lugha yao mwaka 1954. Wajerumani wakafuata 1963. Sisi wenyewe hatukuwa watazamaji tu, kwani Radio Tanzania iliwapa FRELIMO na ANC nafasi ya kusema na watu wao waliokuwa chini ya wakoloni na makaburu.

Lakini tazameni siku ile ya kwanza ya mwaka 1938. Katika taarifa ya kwanza kabisa ya Kiarabu, BBC ilisoma habari ya Mwarabu wa Palestina aliyenyongwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza hao hao, kwa kosa la kupatikana na silaha. Wakubwa wa serikali yao walichukia. Msikilizaji Mwarabu naye alijua kwamba mtu huyu, pamoja na uadui wake, anaweza kusema jambo linalomdhuru.

Sasa linganisheni na Juni 1967. Sawt al-Arab ya Cairo, inayosema lugha yetu ya dini na iliyopendwa kuliko zote, iliwatangazia watu ushindi juu ya ushindi, hali ndege za Misri zilikuwa zimeteketezwa ardhini tangu asubuhi ya siku ya kwanza. Watu walisherehekea barabarani kwa habari ya uongo. Wengi hawakuisamehe redio ile. Basi udugu peke yake haumfanyi mtu kuwa mkweli.

Nyinyi mnasoma mustalah al-hadith. Mnajua kwamba msimulizi dhaifu anayejulikana hupimwa: tunamjua jina, tunajua udhaifu wake uko wapi, tunatafuta mwingine wa kumuunga mkono. Asiyejulikana, majhuul, hapimiki. BBC tunajua anayeilisha: ada ya leseni ya Waingereza na ruzuku ya serikali yao. Sauti inayozunguka katika simu zenu, isemayo kwamba mpaka umefungwa au kwamba fulani amefariki, nani ameisema? Hakuna aijuaye sanad yake, na bado mnaituma kwa watu hamsini kabla ya kumaliza chai.

Na hao wanaojulikana wanapungua. Idhaa ya Kiarabu ya redio ya BBC, ambayo mimi niliizoea sana nilipokuwa masomoni, ilizimwa tarehe 27 Januari 2023, baada ya miaka 85. Sababu iliyotolewa ni gharama. Nafasi iliyoachwa wazi haibaki tupu, na anayeijaza hapa kwetu ni majhuul.

Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya Isha, kila mwanafunzi atakuja na habari moja iliyotangazwa na idhaa mbili, aandike waliyoafikiana, waliyokhitalifiana, na kila mmoja amepokea kwa nani. Wiki hii tutaanza na foleni ya malori, kwa kuwa hiyo tunaweza kutoka nje tukaihesabu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.