Ukitaka Kuacha Kazi Mpya

Msikilizaji, umeanza kazi juzi tu na tayari moyo umekataa. Tafadhali, usizime simu ukatoweka. Andika barua. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe ya kuitoa. Ndani ya mwezi wa kwanza ni siku zisizopungua 7. Ukishauvuka, anayelipwa kwa mwezi hutoa siku 28. Lakini soma mkataba wako kwanza, maana huenda unadai muda mrefu zaidi.

Mwone msimamizi wako ana kwa ana kabla wenzako hawajasikia. Sababu iwe fupi na ya kweli: "Majukumu si yale niliyoyatarajia" yatosha. Kisha fanya kazi sawasawa hadi siku ya mwisho.

Unaporudisha funguo na kitambulisho, hakikisha aliyepokea ametia saini. Wengi huondoka bila kudai malipo ya siku walizofanya kazi, na inasikitisha. Fedha hizo ni zako, na cheti cha utumishi vilevile. Viombe kwa upole, ukiwa na nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa.