Kunasa FM Juu ya Uwanda wa Ufipa

Mawimbi ya FM hayana uwezo mkubwa wa kuzunguka mlima. Urefu wa wimbi moja ni mita 3 hivi. Hutoka kwenye mnara yakaenda moja kwa moja, na yakikingwa na kilima hudhoofika au hupotea kabisa. Kwa hiyo mkazi wa Namanyere, juu ya uwanda wa Ufipa, anayetafuta redio nzuri ya sebuleni hana budi kuijua kwanza ardhi anayoishi, ndipo aulize bei.

Upande wa magharibi, uwanda wa Ufipa unaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayesimama ukingoni, mita 1,000 juu ya maji, upeo wake unapita kilomita 110, na mawimbi kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, hayana cha kuyazuia. Anayeishi Kirando au Kipili, chini kabisa ufukweni, milima imemkinga, na anaweza kukosa kituo cha uwandani kilicho karibu naye kuliko Kongo. Redio iliyosifiwa na mtu wa juu huenda isimfae wa chini.

Sehemu ya redio inayonasa vituo ni tyuna, na kwenye sabufa nyingi zinazouzwa madukani ndiyo iliyogharamiwa kidogo kuliko zote. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni nguvu ya amplifaya. Hazielezi lolote kuhusu unasaji. Sifa ya kwanza ya tyuna ni kusikia mawimbi hafifu. Hupimwa kwa mikrovolti, na tarakimu ikiwa ndogo ndivyo tyuna ilivyo bora. Sifa ya pili ni kutenganisha vituo vilivyo jirani. Hii ina uzito kwa anayekaa karibu na mnara, kwa sababu kituo chenye nguvu hukifunika kile cha mbali.

Sauti ya stereo nayo ina gharama yake. Tofauti kati ya sauti ya kushoto na ya kulia husafirishwa mahali ambapo kelele ni nyingi zaidi, hivyo wimbi linalosikika safi kwa mono huweza kukoroma likisikilizwa kwa stereo. Tyuna inayofaa uwandani ni ile yenye swichi ya kurudi mono. Hotuba, taarifa ya habari na mahubiri havipotezi chochote kwa mono.

Redio za mtumba zinahitaji uangalifu wa pekee. Zile za Japani zilitengenezwa kwa masafa yanayoanzia 76, na nyingi huishia 90, ilhali FM ya Tanzania iko kati ya 87.5 na 108. Vituo vingi havitaonekana kabisa. Wenye magari kutoka huko wanaijua shida hii. Umeme wa redio hizo pia ni volti 100, na zikichomekwa kwenye volti 230 bila transfoma, huungua. Za Marekani nyingi huruka kwa hatua za 0.2, yaani 88.1 kisha 88.3, na haziwezi kusimama sawasawa kwenye 88.4.

Antena ndiyo inayostahili fedha kuliko kitu kingine chochote. Waya mfupi unaoning'inia nyuma ya sabufa hautoshi, na kukosekana kwa tundu la antena ya nje ni sababu tosha ya kuiacha redio dukani. Fito mbili za alumini, kila moja sentimita 75, zikifungwa kwenye mti mrefu nje ya nyumba na kuunganishwa kwa waya wa antena ya televisheni, hufanya kazi nzuri. Zijaribiwe zikiwa zimelazwa, kisha zimesimamishwa, zikigeuzwa polepole mpaka mkoromo upungue. Mkoromo ukibaki, chanzo chake huenda kiko ndani ya nyumba: chaja ya simu, taa ya LED au inveta ya sola. Kuzizima moja baada ya nyingine humfichua mhusika.

Masika ya Ufipa huja na radi kali. Mawingu yakianza kukusanyika, waya wa antena uchomolewe kwenye redio na utolewe nje ya nyumba, pamoja na kuchomoa plagi ya umeme ukutani.