Batri inakufa kwa nini? Maneno kwa mkutano wa wanamemba, Uvira



Kuran yetu inatoka Ruzizi. Mtambo wa kwanza ni wa 1958, wa pili wa 1989, na huo wa pili tunaugawana na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo delestaje haiishi kesho.

Nianze na kosa langu. Mama mmoja wetu anashona na cherehani ya umeme. Kwake kuran inafika usiku wa manane, mchana haiko. Nilimwambia: nunua batri ya gari, jaza usiku, tumia mchana. Akakopa kwenye sanduku letu. Miezi minne tu, batri imekufa. Cherehani imenyamaza, deni liko.

Sababu ni mbili. Batri ya gari ni ya kuwasha injini: inatoa nguvu nyingi kidogo tu, kisha inajazwa tena. Ukiikamua mpaka chini kila siku, inaharibika. Tena, batri ya asidi inaomba saa 8 ao 10 ili ijae. Kuran ikikaa saa 3, inabaki nusu. Ikilala nusu kila siku, inaharibika ndani pole pole.

Tufanye hesabu. Batri ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, tumia nusu: 600. Taa 3 za wati 5, saa 5: 75. Simu 4: kama 60. Televisheni ya wati 50, saa 3: 150. Jumla 285, inatosha. Lakini pasi ya wati 1,000 inamaliza zile 600 zote kwa dakika 36.

Naomba hivi. Sanduku lisikopeshe tena pesa ya batri ya gari. Anayekopa alete kwanza karatasi ya hesabu yake. Kila batri iende na pano ya jua, imalizie kujaa mchana. Iwekwe penye hewa, mbali na jiko na watoto. Batri ya lithiamu inavumilia kujaa nusu, lakini bei iko juu. Hapo ndipo wafadhili wanaweza kusaidia wenye kazi za mikono.

Na lile deni? Mimi ndiye nilishauri. Nusu nitalipa kidogo kidogo. Nusu ingine, mkutano uamue.