Nani Anamwajiri Mwalimu wa Lugha? Kiswahili, Lugha za Kigeni na Ajira katika Shule ya Msingi

Hotuba zinazotolewa kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hazikosi hoja ambayo katika mhadhara huu itaitwa hoja ya fursa. Hoja hiyo inadai kwamba kwa kuwa Kiswahili kinaenea kwa kasi, ajira za kukifundisha zimejaa tele nje ya mipaka, hasa katika shule za msingi ambako watoto wengi wataanza kukisoma, na kwamba kijana anayemaliza chuo cha ualimu hana la kufanya zaidi ya kuzichangamkia. Ni hoja tamu kusikilizwa, na wanaoitoa wana nia njema, lakini imewaacha wahitimu wengi wakisubiri simu kutoka Kampala au Pretoria ambayo haipigwi. Mhadhara huu unaichunguza hoja hiyo kwa kuuliza swali ambalo wataalamu wa lugha wamelikwepa kwa muda mrefu, nalo ni kwamba mshahara wa mwalimu wa lugha ya kigeni katika shule ya msingi hutoka mfuko gani, na mfuko huo hufunguliwa na nini.

Lugha ya kigeni hapa ni lugha ambayo mtoto haisikii nyumbani wala mtaani kwa kiasi cha kumwezesha kuipata bila kufundishwa. Kwa maana hiyo Kifaransa ni lugha ya kigeni kwa mtoto wa Iringa kama Kiswahili kilivyo kwa mtoto wa Soweto. Hoja ya fursa inasimama juu ya nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni idadi ya wazungumzaji, ambayo kwa mujibu wa UNESCO inazidi milioni 200. Idadi hii hutajwa kana kwamba kila mzungumzaji ni mteja, ilhali anayekizungumza Kiswahili tayari hamhitaji mwalimu wa kumwanzishia, na mtoto wa Lubumbashi aliyekipata uwanjani akicheza hatalipiwa ada ya kukifundishwa kama kigeni. Wingi wa wazungumzaji unaipa lugha heshima na soko la redio, vitabu na matangazo, lakini haumpi mwalimu nafasi hata moja mpaka pawepo asiyekijua, anayelazimika kukijua, na anayekubali kumlipa wa kumfundisha, na masharti hayo matatu ni nadra kukutana.

Nguzo ya pili ni maazimio ya jumuiya za kimataifa. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Haya ni mafanikio ya haki, ila anayenufaika nayo ni mkalimani, yaani mtu anayetafsiri kwa mdomo papo hapo, pamoja na mfasiri wa nyaraka. Hakuna azimio la wakuu wa nchi lililowahi kuingiza jina la mwalimu wa darasa la nne katika orodha ya malipo, kwa kuwa orodha hiyo haitunzwi Addis Ababa wala Gaborone, yaliko makao ya jumuiya hizo.

Nguzo ya tatu ndiyo inayovuta wengi zaidi, nayo ni tangazo la serikali ya nchi jirani au ya mbali. Mwaka 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi wa Afrika Kusini, Angie Motshekga, alitangaza kwamba Kiswahili kingefundishwa kama somo la hiari kuanzia mwaka 2020. Huku Afrika Mashariki tangazo hilo lilipokewa kwa vifijo, na ni wachache waliojali neno hiari. Somo la hiari ni somo ambalo shule ina ruhusa ya kulianzisha iwapo inaye mwalimu, inayo nafasi kwenye ratiba na inazo fedha, na katika nafasi hiyohiyo Kiswahili kinashindana na Kifaransa, Kijerumani na Kichina, lugha ambazo nyuma yake zipo balozi na taasisi zenye bajeti. Katika shule za Afrika Kusini zinazotoza ada, bodi ya shule inaweza kuajiri mwalimu kwa fedha za wazazi, kwa hiyo uamuzi unabaki mikononi mwa wazazi wa kitongoji kimoja, na hata wakimtaka mwalimu kutoka Morogoro, atatakiwa kwanza kusajiliwa na baraza la walimu la nchi hiyo. Ruhusa ilitolewa, lakini ruhusa si ajira.

Ushahidi ulio karibu zaidi, na ulio mchungu zaidi kwa hoja ya fursa, unatoka Uganda. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Julai 2022 baraza la mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa nusu karne, kwa hiyo, lugha hii haikukosa matamko, lakini mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ambao Waganda huuita PLE umeendelea kupima masomo manne, yaani Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Mwalimu mkuu ambaye shule yake inapangwa gazetini kwa alama za masomo hayo manne ana sababu zote za kukibandika kipindi cha Kiswahili kwenye ratiba ya ukutani, na sababu zote za kumruhusu mwalimu wa Hisabati akichukue, na mwalimu mkuu huyo halaumiki.

Sasa, kwa kulinganisha na Uganda, Kenya ichukuliwe. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, na kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikalirudia jambo hilohilo. Kwa miaka 20 mapendekezo yalibaki karatasini, kwa kuwa CPE, mtihani wa wakati huo wa kumaliza elimu ya msingi, ulipima Kiingereza, Hisabati na karatasi ya maarifa ya jumla. Ndipo ikaja ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ambao ulikifanya Kiswahili kiwe cha lazima na, la muhimu zaidi, kitahiniwe katika KCPE, mtihani mpya wa kumaliza elimu ya msingi, kwa karatasi mbili, moja ya lugha na nyingine ya insha. Watu walikuwa walewale, wengi wao wakiwa na lugha nyingine za nyumbani, lakini shule zilianza kuwatafuta walimu wa Kiswahili, wachapishaji wakagombania waandishi wa vitabu vya kiada na vya marudio, vyuo vya ualimu vikalazimika kuandaa wakufunzi, na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zikajaa. Kilichobadilika ni karatasi ya mtihani.

Nguvu hiyo ya mtihani inaonekana pia nje ya Afrika, na hapa inafaa kuirudia kazi ambayo haisomwi sana katika idara za lugha za Afrika Mashariki, ingawa inastahili kukaa mezani pa kila mtunga sera, nayo ni ripoti ya mtafiti Clare Burstall na wenzake ya mwaka 1974 iitwayo Primary French in the Balance. Mwaka 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza mradi wa majaribio wa kuwafundisha Kifaransa watoto kuanzia umri wa miaka minane, mradi ulioanza shuleni mwaka 1964, ukapewa mafunzo kwa walimu, vifaa vya kusikiliza na tathmini ya muongo mzima iliyofuatilia wanafunzi wapatao 18,000. Uzuri wa ripoti hiyo ni uvumilivu wake. Burstall hakuridhika kuwapima watoto mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wakati kila mtoto anaimba na kila mzazi anafurahi, bali aliwafuata mpaka sekondari, akawalinganisha na wenzao walioanza Kifaransa wakiwa na miaka 11, akachunguza pia misimamo ya wanafunzi na ya walimu wao wakuu, na ukubwa wa shule. Aligundua kwamba kufikia umri wa miaka 16 faida ya walioanza mapema ilikuwa imebaki katika kusikiliza tu, na kwamba shule ndogo za vijijini, ambazo wengi walidhani zitashindwa, zilifanya vizuri.

Mbinu zake zimekosolewa, hasa namna makundi yalivyolinganishwa, na ukosoaji huo una uzito. Lakini linalohusu mhadhara huu ni yaliyofuata. Ripoti ilipotoka, upanuzi ulisimama na madarasa mengi yakafifia, kwa sababu Kifaransa cha msingi hakikuwa na mtihani wa taifa ambao ungemfanya mzazi apige kelele kikiondolewa. Mwaka 2014 England iliifanya lugha moja ya kigeni kuwa somo la lazima kwa watoto wa miaka 7 hadi 11, lakini mitihani ya taifa ya umri huo ikaendelea kupima kusoma, sarufi na hisabati, na shule nyingi zikamwachia mwalimu wa darasa afundishe lugha hiyo pamoja na mengine yote. Hata sheria, basi, inaweza kuzaa somo bila kuzaa nafasi ya kazi.

Tanzania Bara haina tofauti kubwa. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 unaruhusu Kifaransa, Kiarabu na Kichina kuwa masomo ya hiari katika elimu ya msingi, na shule za binafsi zinazotumia Kiingereza zimeichukua ruhusa hiyo kwa ari, kwa kuwa lugha ya tatu hupendeza kwenye kipeperushi cha kutafutia wanafunzi. Mtoa mhadhara huu aliwahi kuongozana kwa siku moja na mwalimu wa Kifaransa jijini Dar es Salaam, kijana mwenye lafudhi safi na shahada, aliyekuwa na vipindi katika shule tatu. Kadi zake za picha alizichora mwenyewe na kuzibana kwa mpira wa nywele, bodaboda alizilipia kutoka mfukoni, na katika shule ya pili alimkuta mwalimu wa Sayansi amekwishaanza kufundisha darasani, naye akasubiri kwenye baraza mpaka kengele ikalia. Analipwa kwa kipindi, kwa hiyo kipindi kilichomezwa hakilipwi, na likizo za Juni na Desemba kwake ni miezi ya kukopa. Hiyo ndiyo fursa inayosemwa.

Wanaopinga mkazo huu wa mtihani wana hoja nzito inayopaswa kupimwa kwa haki. Wanasema mtihani huua lugha, na mfano wao mzuri unatoka Kenya hiyohiyo, ambako watahiniwa wa KCPE walizoea kukariri vianzio vya insha vilivyosheheni tashbihi na methali, hata mtoto akiandika kuhusu ajali ya matatu ya saa tatu usiku, anaanza na jua linalochomoza. Wanaongeza kwamba stadi ya kuzungumza, ambayo ndiyo haja ya mtoto mdogo, haipimiki kwa karatasi na kalamu. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo mwanafunzi anayekariri tashbihi ana mwalimu mwenye mshahara, na mwalimu huyo anaweza kufunzwa upya, ilhali somo lisilo na mwalimu halina cha kurekebishwa. Kenya ilipoachana na KCPE, mtihani wa mwisho ukiwa wa mwaka 2023, haikukiondoa Kiswahili katika upimaji wa gredi ya sita ulioanza mwaka 2022, na kwa sababu hiyo walimu wake hawakutetereka.

Kwa kuwa mambo ni hayo, ujumbe unaokwenda Kampala kujadili Kiswahili ungefanya vyema kuacha kuombea nafasi walimu wa Kitanzania na badala yake kuomba karatasi ya tano katika PLE, hata ikiwa ya alama chache kwa kuanzia. Karatasi hiyo ikipatikana, watakaoajiriwa madarasani watakuwa Waganda, waliosajiliwa kwao na wanaojua mtoto wa Masaka anakwama wapi. Nafasi ya Mtanzania itakuwa katika vyuo vya ualimu vya huko, akiwafunza wakufunzi na kuandika vitabu pamoja nao, kazi inayodai ujuzi wa kufundisha Kiswahili kwa wageni, ambao ni tofauti na ule wa kukifundisha kwa mtoto wa Tanga aliyekuja nacho shuleni. Kazi hiyo itadumu miaka kumi, pengine kumi na mitano, mpaka Uganda ipate wakufunzi wake wa kutosha, na vyuo vya Tanzania vinavyoweza kuwaandaa watu wa kuifanya vinapaswa kuanza kabla karatasi haijatungwa.