Korongo wa Maboksi
(Maneno tuliyosema mbele ya kikao cha pamoja cha kamati za sharika na wafadhili)



Tumepewa dakika 15 kueleza mstari mmoja katika taarifa ya miradi ambao umeleta maneno. Mstari wenyewe unasomeka hivi: vazi la ndege, la maboksi. Mzee mmoja wa kamati alituuliza, visima vinadai pampu, ninyi mnawavisha watoto maboksi? Swali ni la haki, na ndilo lililotuleta mbele yenu.

Ndege tunayemsema ni korongo taji, yule mwenye nywele za dhahabu kichwani, mashavu meupe na kifuko chekundu chini ya kidevu. Akisimama hufika kama mita 1, na akikunjua mabawa hukaribia mita 2. Jirani zetu wa Uganda wamemweka katika bendera yao, na kule Buganda upo ukoo mzima, wa Ngaali, unaojitambulisha kwake. Tangu 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Sababu mnazijua: mabonde ya maji anamotaga yanalimwa, na vifaranga hukamatwa wakauzwa au wakafugwa uani kuwa pambo.

Tulikuwa na kazi ya kuwaelimisha watoto juu ya bonde lao. Tukaanza kwa kuwahutubia, wakasinzia. Ndipo mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili akasema, hawa wapeni kitu cha kukata.

Sasa mtuvumilie tueleze kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni kubandika tu. Boksi lina mifereji ndani yake, na mifereji hiyo ndiyo mifupa ya bawa. Ukikata bawa mifereji ikienda kwa urefu, toka begani hadi ncha, bawa linasimama. Ukikata kwa upana, linakunjika mtoto akiinua mkono mara ya pili. Jambo hili hatukuambiwa na mtu. Tuliharibu maboksi 6 kulijua. Pahali pa kukunja hapakatwi, bali panapigwa mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, pakabonyea bila kupasuka.

Kipimo cha bawa ni mkono wa mtoto mwenyewe, toka bega hadi ncha za vidole, na kuongeza shubiri moja. Zaidi ya hapo anachoka. Manyoya hukatwa moja moja na kubandikwa kuanzia nchani kurudi begani, kila safu ikilalia iliyotangulia, kama anayeezeka nyumba kwa nyasi aanziavyo chini. Gundi ni ya unga wa ngano, kikombe 1 cha unga kwa maji vikombe 4, unachemsha huku unakoroga mpaka uwe uji mwepesi. (Vazi likauke vizuri na kutundikwa juu. Mkia wa kwanza ulioachwa sakafuni stoo uliliwa na panya.) Mgongoni unawekwa mkanda wa tyubu ya baiskeli, umevaliwa kama begi la shule, na chini ya kila bawa kitanzi cha kushika.

Kichwa ndicho kilichotushinda muda mrefu. Tulikitengeneza kama kinyago, mtoto akawa haoni mbele na jasho likawa linamwingia machoni. Sasa tunakivika kama kofia, mdomo wa ndege ukatangulia juu ya paji la uso, na uso wa mtoto ukabaki wazi. Taji ni nyuzi za katani. Hazihitaji rangi, kwa kuwa katani kavu juani ina dhahabu yake tayari. Nyeusi tulipata kwa mkaa uliosagwa ukachanganywa na gundi ileile. Rangi nyekundu tulinunua kopo dogo. Fedha yote iliyotumika haifiki bei ya mfuko mmoja wa saruji, na stakabadhi zipo kwa mhasibu.

Hapa hatuna budi kukiri kosa. Mara ya kwanza tulipotarajia wageni, tuliogopa kuaibika, tukakesha ofisini watu wazima tukitengeneza mavazi wenyewe. Yalipendeza. Watoto waliyavaa, wakasimama kama miti, wakapigwa picha, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu mgeni kwa nini bawa lile lina sehemu nyeupe. Baadhi yenu mliipata picha ile katika taarifa yetu ya mwaka. Tunaomba radhi. Mavazi tuliyokuja nayo leo yamekatwa na watoto, na mtaona yamepinda.

Tulipoacha kazi mikononi mwao, mvulana mmoja wa darasa la 5 alituzidi wote. Wenzake walichora ndege kwa kukisia. Yeye alijua kwamba nyuzi za taji hazilali upande mmoja bali zimetawanyika, kwamba ule weupe wa shavu una wekundu kidogo juu yake, na kwamba kidole cha nyuma cha korongo huyu ni kirefu, ndiyo maana anaweza kukaa mtini tofauti na korongo wengi wa jamii yake. Tulimsifu mbele ya darasa. Tulipomwuliza ameyajulia wapi, akainama.

Nyumbani kwao yupo korongo uani. Alinunuliwa akiwa kifaranga, na bawa lake moja lilikatwa ili asiruke.

Ndugu zangu, hapo ndipo mradi wa maboksi ulipoacha kuwa wa maboksi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata au kumfuga mnyamapori bila kibali. Baba wa mtoto ni mtu wetu, mchango wake usharikani haukosi. Na mtoto hakuja kumshtaki baba yake, alikuja kukata boksi. Wapo kati yetu waliosema tupeleke taarifa siku ileile. Wapo waliosema tukifanya hivyo hakuna mtoto atakayefungua kinywa tena. Tulikwenda nyumbani kwao wawili, bila karatasi, tukakaribishwa chai. Mzee hakukana. Alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Nikimfungulia, ataruka na nini?"

Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, wamelishughulikia jambo hili toka miaka ya 2010. Korongo waliofugwa majumbani na mahotelini waliandikishwa bila wenyewe kuadhibiwa, wakachukuliwa na madaktari wa wanyama. Wenye uwezo wa kuruka walirudishwa Hifadhi ya Akagera, na wale walioharibiwa mabawa wakatengewa makazi yao Kigali, panaitwa Umusambi Village. Wamekwisha kuondolewa vifungoni korongo zaidi ya 200. Sisi upande huu hatuna mahali kama hapo. Tumeanza mazungumzo na ofisi ya maliasili ya wilaya kuhusu wenye kujitokeza kwa hiari, na baba huyo amekubali jina lake liwe la kwanza. Korongo bado yuko uani kwake.

Siku ya maonyesho watoto walicheza kama korongo wanavyocheza, wakainamisha vichwa, wakaruka juu, mabawa wazi. Mvulana yule alicheza na bawa moja tu. La pili aliliacha nyumbani kwa makusudi, na hatukumwuliza. Watu walicheka mwanzoni, wakidhani limekatika.

Ombi letu kwa kamati ni dogo. Fedha ya kopo la rangi na nyembe iendelee katika bajeti ya robo mwaka ijayo, kwa sharika 3 zinazopakana na bonde. Na wenye maduka, maboksi makubwa ya friji na ya televisheni msiyachome. Yaleteni ofisini yakiwa makavu, msiyakunje, kwani pakishakunjwa hapafai tena kwa bawa.