Chanjo Dhidi ya Heroini: Je, ni kwa Hiari ya Nani?



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmelisikia juu juu, yaani chanjo ya kumkinga mtu na heroini na jamaa zake. Mzazi ambaye mwanawe anatumia unga, akilisikia neno hilo, hupata matumaini makubwa. Kwa hiyo yafaa tuseme kweli tangu mwanzo: chanjo ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya watu bado haipo. Kilichopo ni kazi ya maabara na majaribio machache kwa binadamu.

Chembe ya heroini ni ndogo mno, hata kinga ya mwili haiitambui kuwa ni adui. Wataalamu huchukua chembe inayofanana nayo, wakaiunganisha na protini kubwa ambayo mwili huishtukia, kama vile sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali. Hapo mwili hutengeneza kingamwili. Siku mtu atakapotumia dawa ile, kingamwili huikamata ingali katika damu, isiufikie ubongo. Aliyezidisha kipimo hufa kwa sababu ubongo wake umesahau kuyaamuru mapafu yapumue. Basi kuizuia dawa njiani ni kumwokoa mtu na kifo.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1974 wanasayansi wa Marekani walieleza habari za nyani aliyechanjwa dhidi ya mofini: alipunguza kujidunga heroini, lakini kokeini aliendelea nayo. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza kuwajaribia watu chanjo dhidi ya oksikodoni, na mwaka 2022 watafiti wa Houston walitangaza chanjo iliyowakinga panya na fentanili. Haraka yao inaeleweka. Katika mwaka huo wa 2022 pekee, watu zaidi ya 107,000 walikufa nchini Marekani kwa kuzidisha dawa, na wengi wao waliuawa na fentanili na jamaa zake.

Ndugu zangu, nyani yule wa 1974 alitufundisha jambo ambalo halijabadilika. Kila chanjo huitambua dawa yake tu, au zile zinazofanana nayo sana. Tena haigusi kiu. Yale maumivu ambayo vijana wa pwani huyaita arosto hubaki palepale, na upweke uliomfikisha mtu huko hubaki pia. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya chanjo ya kokeini iliyojaribiwa kwa watu 115: ni 38 tu katika kila 100 ya waliochanjwa waliopata kingamwili za kutosha, na iliripotiwa kuwa wengine waliongeza kokeini wakijaribu kuishinda chanjo. (Nasema «mtu», wala si «teja», neno lile limetuzoesha kupita kando, kama walivyopita kuhani na Mlawi.)

Hapa ndipo Haki na Amani inapohusika. Mfungwa akiambiwa, «Chanjwa, nasi tutakupunguzia kifungo,» je, amekubali kwa hiari? Kijana aliyefungiwa na wazazi wake hadi akubali, je? Dawa ya kumeza huweza kuachwa kesho, bali kingamwili hukaa mwilini kwa miezi. Fentanili nayo hutumika hospitalini katika upasuaji. Aliyechanjwa asiyeeleweshwa vema, na daktari asiyejua habari zake, wataingia hatarini wote wawili. Mimi naona kwamba ridhaa iliyopatikana kwa vitisho si ridhaa, hata ikiwa nia ni njema. Nasi tusiikubali siku chanjo hiyo itakapofika kwetu, wala tusikubali maskini wetu wafanywe wa kwanza kujaribiwa na wa mwisho kunufaika.

Lakini msiingoje chanjo. Naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha kipimo, ipo. Methadoni ipo: Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Mgonjwa huimeza mbele ya mhudumu, kwa kawaida kila siku, na dawa hiyo huituliza arosto ambayo chanjo haiwezi kuituliza. Wako waumini wanaosema kuwa huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Nawajibu kwamba aliye hai anaweza kuungama, kufanya kazi na kulea watoto wake.

Linalowashinda wengi ni nauli ya kila siku, pamoja na kukosa mtu wa kuwasindikiza wiki zile za kwanza. Naomba kila jumuiya ndogo ndogo, katika mkutano wake ujao, ijiulize kwa majina, na kwa siri inayostahili, ni nani kati ya jirani zetu anayehitaji nauli hiyo, na ni nani atakayetembea naye asubuhi.